Ajali ina kinga: mwongozo kamili wa kuingia kwenye utafiti wa kuzuia majeraha

Kuna msemo tumeushika kama dua, "ajali haina kinga". Utausikia msibani, utausikia kwenye daladala, mpaka wodini utamsikia nesi aliyechoka akiusema huku anafunga bendeji. Na ukilichimba lenyewe neno ajali, limetoka kwenye Kiarabu, ajal, yaani ule muda mtu aliopangiwa, siku yake imefika. Kwa hiyo lugha yenyewe ishatuambia tukae tukubali. Mi nimeanza kazi hii nikiwa mkusanya data wa kulipwa kwa siku huku Kanda ya Ziwa, na kila nikikaa na vijana lazima mmoja aniulize, dada hiyo kazi yako ni udaktari au ni upolisi, na mtu anaingiaje? Nimeamua niandike yote sehemu moja, kwa urefu, kwa sababu tuko wachache mno na watu wanaendelea kufa kwa vitu ambavyo vinajulikana kabisa namna ya kuvizuia.

Kwa ukubwa tu wa jambo lenyewe: Shirika la Afya Duniani linasema majeraha ya kila aina yanaua watu kama milioni 4.4 kwa mwaka. Barabarani peke yake ni milioni 1.19 kwa ripoti yao ya 2023, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kitu kingine kinachowaua zaidi ya barabara, sio malaria, sio ukimwi. Vifo 9 katika kila 10 viko kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, ambazo ndizo sisi.

Hatua ya 1: elewa kwanza kazi yenyewe ni ipi

Daktari wa mifupa anampokea mtu mguu umeshavunjika. Trafiki anafika, anapima alama za breki, anaandika nani mwenye makosa. Wewe unauliza kwa nini miguu inavunjikia pale pale, kwa watu wa aina ile ile, saa zile zile, na ni kitu gani kikibadilishwa haitavunjika tena. Na sio barabara tu jamani, watu wengi wakisikia majeraha wanawaza magari. Kuna kuzama maji, kuungua, kuanguka, sumu, kupigwa, kujidhuru. Mkwezi aliyedondoka kwenye mnazi akaumia uti wa mgongo ni wako, mtoto aliyemwagikiwa sufuria ya uji ni wako, mke anayesema ameteleza bafuni na alama za vidole ziko shingoni ni wako pia.

Aliyetuwekea msingi ni daktari mmoja wa Marekani, William Haddon, ambaye mwaka 1966 serikali yao ilipounda chombo cha taifa cha usalama wa barabarani yeye ndo akawekwa kukiongoza. Aliacha jedwali dogo ambalo mpaka leo kila mtu kwenye fani analibeba kichwani, linaitwa jedwali la Haddon. Mistari mitatu: kabla, wakati, na baada ya tukio. Safu tatu: mtu, chombo, mazingira. Jumla viboksi tisa. Sasa lifanyie mazoezi hapa hapa. Bodaboda saa mbili usiku, kapakia mama na mtoto, anaingia kwenye shimo. Kabla ya tukio: dereva ameendesha masaa mangapi bila kupumzika, pikipiki taa inawaka, shimo lina muda gani halijazibwa? Wakati wa tukio: nani ana helmeti na mkanda wake umefungwa kidevuni, spidi ilikuwa ngapi, pembeni kuna nini, nyasi au mtaro wa zege usiofunikwa? Baada ya tukio: wanaokimbilia kusaidia wanajua kumnyanyua mtu aliyeumia shingo au wanamkunja kwenye bajaji, hospitali iko umbali gani, damu ipo?

Taarifa ya polisi itajaza kiboksi kimoja tu katika hivyo tisa, "uzembe wa dereva". Vingine vinane vinabaki vitupu, na humo ndimo kazi yako ilimo. Ukishindwa kulifurahia hili jedwali, ukaona ni mambo ya makaratasi, nakwambia kwa upendo kabisa tafuta fani nyingine mapema.

Hatua ya 2: shule

Hapa sitakaa sana maana watu wanadhani shule ndo kila kitu. Digrii ya kwanza unaweza kutokea sehemu nyingi, udaktari, uuguzi, afya ya mazingira, takwimu, sosholojia, hata uhandisi wa barabara, na binafsi naamini tunahitaji wahandisi kuliko tunavyohitaji madaktari. Baada ya hapo digrii ya pili ya afya ya jamii au ya epidemiolojia, yaani elimu ya kufuatilia magonjwa na majeraha yanavyotokea kwenye jamii. Kwa Tanzania kuna Muhimbili pale MUHAS, kuna chuo cha KCMC Moshi, kuna Bugando Mwanza. Kwa Uganda, Makerere shule yao ya afya ya jamii ina kitengo kabisa cha majeraha na ulemavu, na huko kuna mtu inabidi umjue, Dokta Olive Kobusingye. Alikuwa daktari wa upasuaji anapokea majeruhi Kampala, akaona hawezi kuendelea kushona watu bila kujua wanatoka wapi, ndo wakaanzisha rejista ya majeruhi na kipimo cha kukadiria ukali wa majeraha kinachotumia vitu vinavyopatikana hata hospitali isiyo na mashine: umri, presha, pumzi, hali ya fahamu, na idadi ya majeraha makubwa. Kinaitwa Kampala Trauma Score na kinatumika mbali huko nje ya Afrika. Kisome chote kimetokana na nini. Mtu alitengeneza kipimo kutokana na upungufu wa wodi yake mwenyewe.

Ushauri wangu mkubwa wa shule ni mmoja: tasnifu yako ifanye ya majeraha, hata msimamizi akikuvuta kwenye malaria kwa sababu ndiko kwenye hela na data zipo tayari. Darasani kwetu mi peke yangu ndo nilichagua majeraha. Ilinigharimu, nilihangaika na data wenzangu wakiwa wameshamaliza kuandika, lakini nafasi ilipotokea baadaye walitafuta mtu mwenye uzoefu na majeraha na hatukuwa wengi wa kupangiwa foleni.

Hatua ya 3: usisubiri digrii, nenda kwenye kitabu

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote. Omba ruhusa kwa mganga mfawidhi, kaa siku tatu na rejista ya chumba cha dharura au ya wagonjwa wa nje ya hospitali yoyote ya wilaya. Usinakili jina la mtu wala namba yake, unasoma tu jinsi kitabu kinavyojazwa.

Mi cha kwanza nilichokisoma kilikuwa kitabu kikubwa, jalada limeshikwa na plasta ya hospitali, kurasa zina madoa ya iodini. Safu ya ugonjwa imeandikwa "# femur", alama ya reli ikimaanisha mfupa umevunjika, hapa paja. Mstari unaofuata "# tib/fib", yaani mifupa ya muundi. Unaofuata "burn 20%", yaani kaungua asilimia 20 ya mwili. "HI", jeraha la kichwa. Nikahesabu kurasa kumi na mbili, sikumbuki kuona sehemu hata moja iliyoandikwa kilichomvunja huyo mtu ni nini. Alianguka kwenye mwembe? Aligongwa? Alipigwa? Hata pale palipoandikwa RTA, yaani ajali ya barabarani, hujui alikuwa anatembea kwa miguu, au abiria wa bodaboda, au dereva wa lori. Nilikaa nikakitazama kile kitabu, nikaelewa kwa nini hatuna majibu. Tunajua mfupa gani, hatujui kwa nini.

Kitaalamu hii ina jina. Kwenye mfumo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa, toleo la 10, jeraha lenyewe linapewa namba za S na T, mfano S72 ni kuvunjika paja. Sababu inapewa namba za V, W, X na Y, ambapo V ni vyombo vya usafiri, W14 ni kuanguka kutoka mtini, W65 mpaka W74 ni kuzama. Mtu anayekuja hospitali anatakiwa awe na zote mbili. Kwetu ya pili mara nyingi haipo. Kwa hiyo mradi wa kwanza kabisa anaoweza kufanya kijana asiye na hela ni huu: chagua hospitali moja, ukishapata vibali (hatua ya 6), angalia mwaka mmoja wa rejista, hesabu ni majeruhi wangapi sababu yao imeandikwa na wangapi haikuandikwa. Matokeo yake ni aibu yenye manufaa, na unaweza kuyachapisha.

Alafu jua na uongo wa lazima. Tanzania majeruhi anatakiwa awe na PF3, fomu ya polisi, ukienda Kenya wana P3 yao. Wapo wanaoogopa kwenda kituoni, pikipiki haina bima au dereva ni shemeji yake, anafika hospitali anasema "nilianguka". Nesi anaandika kuanguka. Ukichukua hizo data kavu kavu bila kuwajua watu wa hapo, utaandika ripoti kwamba wanaume wa miaka 25 wanaanguka sana majumbani.

Hatua ya 4: jifunze kuhesabu watu ambao hawajaandikwa

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 iliweka namba mbili sambamba kwa kila nchi. Tanzania iliripoti vifo vya barabarani 3,256 kwa mwaka 2016, makadirio ya shirika yakawa 16,252. Kenya iliripoti 2,965, makadirio 13,463. Watu wakigombana kuhusu hizi namba mara nyingi hawaulizi swali la msingi, kifo cha barabarani ni kipi? Kimataifa ni mtu aliyefariki ndani ya siku 30 baada ya tukio. Sasa fikiria aliyegongwa Jumapili, polisi wakaandika majeruhi, akafia wodini siku ya kumi na moja. Nani alimpigia simu askari kwamba ageuze neno? Kila data utakayoshika maishani uliza kwanza tafsiri, kabla hujauliza idadi.

Njia moja ya kukadiria wasiohesabiwa inatokana na wavuvi na watu wa wanyama, na huku ziwani ukiielezea hivi hata mzee asiyesoma anakuelewa. Unavua samaki 60, unawakata alama kwenye pezi, unawarudisha majini. Kesho unavua 80. Ukikuta 24 kati yao wana alama, maana yake uliowatia alama ni 24 kwa 80, sawa na asilimia 30 ya samaki wote. Kama 60 ni asilimia 30, basi bwawani mna samaki 200. Sasa weka orodha ya polisi badala ya mvuo wa kwanza, orodha ya hospitali badala ya wa pili. Polisi 60, hospitali 80, waliopo kote kote 24. Ukijumlisha bila kurudia majina una watu 116, lakini hesabu inakwambia 200. Hao 84 hawako kwenye kitabu cha mtu yeyote.

Inaonekana rahisi, ila mateso yake ni kulinganisha majina. Juma Hassan wa polisi ndo Hassani Juma wa hospitali? Umri 30 huku na 34 kule, kijiji hakijaandikwa. Utakaa usiku na laptopu unalinganisha tarehe, jinsia, aina ya chombo, na lazima uweke kanuni zako kabla hujaanza, usije ukawa unaamua kwa hisia. Na kumbuka njia hii inadai orodha mbili zisitegemeane, kitu ambacho PF3 inakivuruga maana ndo inayomtoa mtu polisi kumpeleka hospitali. Uliandike hilo wazi kwenye ripoti.

Kingine ni kigawanyo, yaani ile namba unayogawia idadi ya vifo. Utasikia "bodaboda zinaua kuliko mabasi". Kwa idadi ya vifo, kwa kila chombo, kwa kila kilomita, au kwa kila abiria? Kila kigawanyo kinatoa jibu lake. Ukiwa huna idadi ya pikipiki zinazotembea kweli kwenye mji wako usiandike kiwango, andika idadi tu na useme kigawanyo hakipo.

Programu za kompyuta usihangaike na za bei. R ni ya bure, Epi Info ni ya bure, kukusanya data kwa simu kuna KoBoToolbox na ODK bure. Wengi wanatumia Stata au SPSS kwa sababu chuo kinayo, siku wakimaliza chuo leseni inaisha wanabaki mikono mitupu. Anza na R hata kama inauma. Shirika la Afya Duniani pia lina mtaala wa bure wa majeraha na ukatili, unaitwa TEACH-VIP, nilijifunza humo mengi kuliko nilivyofundishwa darasani.

Hatua ya 5: chagua tatizo lako moja

Usiseme "mi nafanya majeraha". Sema mi nafanya kuzama kwa watoto chini ya miaka mitano, au mi nafanya kuungua jikoni. Angalia mahali ulipo. Huku kwetu ziwa linaongea lenyewe, MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, MV Nyerere 20 Septemba 2018 wakafa watu 228. Lakini vivuko ndo tunavyovikumbuka, wakati mvuvi mmoja mmoja anazama usiku na haandikwi popote, anazikwa asubuhi na maisha yanaendelea. Na mtoto mdogo hazami ziwani, anazama kwenye ndoo, kwenye pipa, kwenye shimo la matofali lililojaa maji ya mvua mita ishirini kutoka mlangoni.

Pwani angalia kuanguka kwenye minazi na miembe. Mjini angalia watoto wa shule wanaovuka barabara. Sehemu za kilimo angalia sumu za kuulia wadudu, na hapa soma habari ya Sri Lanka, walipopiga marufuku zile dawa za shambani zilizo kali kuliko zote, vifo vya kujiua vilishuka sana kwa miaka iliyofuata, bila kumkamata wala kumhubiria mtu. Kilichobadilishwa ni kile kilichokuwa ndani ya chupa. Haddon angeelewa mara moja.

Hatua ya 6: andiko na vibali

Hapa ndo vijana wanapotezea miezi. Andiko lako litapita kamati ya maadili ya chuo, na kwa Tanzania bara kitaifa ni NIMR, Kenya kuna NACOSTI, Uganda kuna UNCST. Alafu mkoa, alafu wilaya, mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Usimruke hata mmoja. Barua ya taifa haina nguvu kwa mwenyekiti ambaye hukumsalimia, na ana haki, wale ni watu wake. Panga miezi minne mpaka sita ya vibali kwenye ratiba, ukipewa mapema shukuru.

Kwenye maadili majeraha yana mambo yake. Mtu aliyeletwa damu inamtoka hawezi kusaini ridhaa, unasubiri, au unaomba kwa ndugu alafu unarudi kwake akishapata nafuu. Mtoto anaombewa na mzazi lakini naye mwenyewe aulizwe. Na ukiuliza ukatili majumbani, kamwe usiulize mume akiwa karibu, na uwe umeshajua dawati la jinsia liko wapi na nani anapokea simu kabla hujauliza swali la kwanza. Ukimfungulia mtu kidonda na huna pa kumpeleka, umemdhuru wewe.

Hatua ya 7: uwanjani

Jaribu kazi moja inaitwa kuhesabu helmeti. Unasimama kona moja salama, saa nzima, na karatasi, unaandika kila pikipiki: dereva kavaa au hajavaa, kafunga mkanda au unaning'inia, abiria je. Siku yangu ya kwanza fomu ilikuwa na majibu mawili, ndiyo na hapana. Ndani ya robo saa fomu ilikuwa imeshakufa. Kuna aliyeivaa bila kufunga. Kuna aliyeitundika kwenye kiwiko. Kuna iliyokalishwa juu ya tenki kama mtoto. Kuna abiria kaishika mkononi, nikamuuliza dada mmoja kituoni akaniambia, "Mwenzangu, hiyo imevaliwa na watu thelathini leo, na hizi nywele nimelipia." Hilo jibu lilinifundisha zaidi ya karatasi zote. Tunajua kwa tafiti zilizojumuishwa kwamba helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia kama 42 na jeraha la kichwa asilimia 69, sayansi hiyo imeisha. Kilichobaki ni jasho la mtu mwingine na msuko wa elfu ishirini, na hivyo navyo ni utafiti.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuuliza wafiwa. Kwenye vijiji ambavyo kifo hakipiti hospitali, unaenda nyumbani na dodoso kuuliza marehemu alifarikije. Mama mmoja alinionyesha pipa. Bado lilikuwa pale pale nje ya jiko, lina maji, limefunikwa na ungo na juu ya ungo jiwe. Akasema, "Jiwe nimeweka baada." Sikuendelea na swali la 14. Nilikaa naye. Kwa hiyo kwenye bajeti yako weka muda, mahojiano mawili kwa siku yanatosha, usimpangie mkusanya data nyumba nane za msiba. Jioni timu ikae pamoja waongee. Nimeona vijana wazuri wakiacha kazi hii kwa sababu hakuna aliyewauliza wamelalaje.

Hatua ya 8: kupima kama dawa inafanya kazi

Kueleza tatizo ni nusu ya kazi. Wengi wanaishia hapo, tasnifu baada ya tasnifu, "ukubwa wa tatizo na visababishi vyake", na mapendekezo ni elimu itolewe kwa jamii. Nakuomba usiandike hilo pendekezo. Mabango ya elimu peke yake yana rekodi dhaifu sana kwenye fani yetu.

Soma kilichofanyika Kenya. James Habyarimana na William Jack wa chuo kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, zikiwaambia abiria wapaze sauti dereva akiendesha vibaya, na madereva wanaozitunza stika wakawa wanaingia kwenye droo ya zawadi. Wakapima kwa madai ya bima. Kwenye jaribio la kwanza madai yalishuka kati ya nusu na theluthi mbili, na jaribio kubwa lililofuata, matokeo ya 2015, yalishuka robo mpaka theluthi. Kampeni ikaitwa Zusha. Tazama walivyomgusa abiria ambaye anaogopa kufa lakini anaona haya kusema. Na kipimo hawakuuliza watu wajisifie, walichukua rekodi ambayo ipo kwa sababu ya hela.

Dar es Salaam, shirika la Amend lilipita shule zenye watoto wengi wanaogongwa wakaweka matuta, vivuko, njia za miguu, hata kuhamisha geti la shule kutoka barabara kubwa. Walilinganisha na shule ambazo bado hazijafanyiwa, majeraha yakapungua kwa kiasi kinachofika asilimia 26, matokeo yakachapishwa 2019. Na Bangladesh walianzisha sehemu za kulelea watoto wadogo kijijini saa za asubuhi ambazo mama yuko kazini, vifo vya kuzama kwa waliokuwa humo vikashuka kwa takriban asilimia 80. Sio boti, sio jaketi la kuokolea. Ni mtu mzima wa kumwangalia mtoto.

Sasa sikiliza hili kwa makini maana linawaangusha hata wakubwa. Usichague kona yenye ajali nyingi mwaka huu, ukaweka tuta, mwakani ukalinganisha ukasema zimepungua. Kona iliyoongoza mwaka huu iliongoza kwa sehemu kwa bahati mbaya tu, mwakani ingeshuka hata usingeigusa. Lazima uwe na kona nyingine za kulinganisha, zenye sifa zinazofanana, ambazo hukuziwekea kitu. Kama bajeti inatosha kona tano, tafuta kumi, piga kura tano zianze mwaka huu tano zisubiri mwakani. Hakuna anayenyimwa na wewe umepata jibu.

Hatua ya 9: hela, ajira, na jina lako kwenye karatasi

Ajira zipo kwenye vyuo, taasisi za utafiti kama Ifakara na NIMR, mashirika, wizara, na miradi ya vyuo vya nje. Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja mmoja. USAID ilivyofungwa 2025 watu wengi wa afya walibaki na sanduku la vitu vyao getini, kwa hiyo usijenge maisha yako juu ya mfadhili mmoja. Kwa udaktari wa falsafa (PhD) angalia CARTA, ni ya vyuo vya Afrika kwa Afrika, angalia na ufadhili wa DAAD ya Ujerumani na wa Jumuiya ya Madola. Jifunze kuandika bajeti, mtu anayejua kuandika bajeti hakai bila kazi.

Na jina. Kwenye mradi wangu mmoja wa mwanzo nilikusanya data miezi saba, nikasafisha faili lote, karatasi ikatoka jina langu liko kwenye shukrani, mstari wa mwisho. Sikuwa nimeuliza mapema. Siku hizi kabla sijagusa dodoso naomba kikao kimoja kinachoandikwa: nani mwandishi wa kwanza, nani wa mwisho, data inakaa nchi gani, nani anaruhusiwa kuitumia baadaye. Wageni wa heshima hawakasiriki ukiuliza hivyo. Anayekasirika amekupa jibu.

Hatua ya 10: rudisha majibu

Karatasi ya kurasa kumi kwa Kiingereza haitasomwa na mwenye uwezo wa kuweka tuta. Barabara kubwa ni TANROADS, za mitaani na vijijini ni TARURA, ujue kabla hujaenda ni ya nani, watu wanazungushwa miezi kwa kubisha mlango usio wao. Nenda na ukurasa mmoja wa Kiswahili, ramani moja yenye nukta, na picha ya kona yenyewe saa watoto wanatoka shule. Spidi ieleze kwa hesabu inayojulikana, kwamba spidi ya wastani ikipanda asilimia 1 hatari ya ajali ya kuua inapanda asilimia kama 4. Usiombe "hatua zichukuliwe". Omba tuta mbili, mita kadhaa kabla ya geti, na alama zake za rangi ili zenyewe zisije zikaangusha pikipiki usiku.

Kijijini rudi kwa mwenyekiti yule yule uliyemsalimia mwanzo, uombe mkutano, na uwaambie watu namba zao wenyewe. Watabishana na wewe, watakutajia waliosahaulika, andika majina hayo. Nilipopeleka matokeo ya kuzama kwenye kijiji kimoja, mzee alisimama akaanza kutaja, mmoja mmoja, na mwaka wake, watu wakawa wanamsaidia kutoka nyuma. Walifika kumi na tisa. Mi nilikuwa nimeandika kumi na mmoja.